GARI YETU INAGONGA: TUITENGENEZE AU TUIUZE?



Hapana mwanachama, tokea Mkoani mpaka Konde, asiyeijua sauti ya gari yetu. Tokea kumalizika mvua za masika ya mwaka 2024 gari hiyo ilikuwa ikisikika kabla ya kuonekana, na watoto wa njiani wakiiigiza kwa midomo, tak-tak-tak-tak, kisha hukimbilia migombani wakicheka. Sisi wa ofisini hatukuweza kucheka. Gari hiyo ndiyo inayochukua magunia yenu kwenda kituo cha ununuzi, ndiyo inayopeleka wachumaji alfajiri katika mashamba ya mbali, na ndiyo inayokwenda mbio kuokoa karafuu za mwanachama aliyeanika mbali na nyumba, mbingu zikaanza kufunga. Na vuli ilikuwa inakuja.

Wanachama wengi wametuuliza habari ya gari hii, wengine kwa barua na wengine kwa kutushika mkono baada ya sala ya Ijumaa. Wametaka kujua ilikuwa na maradhi gani, fedha zilizotumika ni za nini, na kwa nini haikununuliwa injini nyengine kama ilivyokuwa ikivumishwa. Haki ya kuuliza ni yenu, kwani gari ni yenu. Hapa tutaeleza mambo kama yalivyokuwa, pamoja na lile ambalo sisi wenyewe halitupendezi kulieleza.

Kamati ilikutana kwa ajili ya kelele hiyo mwezi wa Septemba 2024. Mazungumzo yalianza baada ya alasiri yakaendelea mpaka karibu na magharibi, na twakiri kuwa katika muda wote huo hapana mtu hata mmoja aliyetoka nje kwenda kuisikiliza gari yenyewe, nayo ilikuwa imesimama chini ya mwembe, hatua ishirini kutoka hapo tulipokaa. Wako waliosema injini imekwisha, inunuliwe injini ya mtumba. Wako waliosema gari iuzwe kama ilivyo kabla haijafa, na msimu ukifika tukodi gari za watu. Na wako waliosema iachwe tu, kwani gari kupiga kelele si kushindwa kwenda, imalize vuli kisha itazamwe. Juu ya jambo moja wote waliafikiana, nalo ni kwamba aliyeiharibu gari ni dereva. Mzee mmoja alisema kuwa dereva hupanda vilima kwa gia kubwa na hushuka kama mtu anayefukuzwa. Ikapendekezwa aachishwe kazi mwisho wa mwezi. Sisi tuliyaandika maneno hayo kitabuni wala hatukusema kitu. Jambo hilo mliweke moyoni, tutalirudia.

Kamati ikatutuma kwa fundi tulete bei. Fundi wa kwanza tuliyemwendea, ambaye jina lake halina faida hapa, aliisikia gari ikiingia uwanjani pake, hakufunua hata boneti, akasema, “Injini hii imekufa, Sheikh. Mimi ninayo nyengine.” Akatutajia bei. Bei ile ingelimeza akiba yote ya chama tuliyoiweka kwa miaka mitatu, na deni juu yake. Nasi, wenzetu, tulikuwa tumekwisha kutikisa kichwa kukubali. Dereva ndiye aliyetuvuta pembeni. Kwa umri yeye ni sawa na ami yetu, na hivyo ndivyo tumwitavyo. Akasema, “Mwanangu, kabla hujatia mkono wako katika karatasi ya mtu, twende kwa mzee wa Chake aisikilize. Kusikiliza hakulipiwi.”

Tukamwona kama mtu anayetafuta njia ya kujiokoa. Lakini tulikwenda.

Mzee huyo ni makanika wa tokea siku za gari za ubao. Tulipofika, alitutaka tuizime gari na turudi kesho asubuhi, ikiwa baridi. Alisema injini iliyokwisha kupata moto huficha baadhi ya mambo, na injini baridi huficha mengine, kwa hiyo yeye huisikiliza mara mbili. Tukalala Chake.

Asubuhi akaanza na jambo ambalo tulidhani ni la kupoteza wakati. Aliuvua mkanda wa feni, akaiwasha injini kwa muda mfupi usiofika hata dakika moja, kisha akaizima. Kelele ilikuwa ile ile. “Basi si pampu ya maji wala si oltaneta,” akasema, na mkanda akaurejesha. Vyombo hivyo viwili huzungushwa na mkanda, na beringi zake zikichakaa hulia kwa sauti ambayo mtu asiyejua huidhania ya ndani ya injini. Akatuambia kuwa amekwisha kuona injini nzima zikishushwa chini kwa sababu ya beringi ya pampu. Mkanda ukivuliwa injini haiachwi ikaenda kwa muda, kwani maji hayatembei, wala gari haiendeshwi.

Halafu akachukua kipande cha mpira wa maji, urefu wake kama dhiraa moja, ncha moja akaitia sikioni na ya pili akawa anaipitisha polepole pembeni mwa injini, akijihadhari na feni. Mpira, alisema, huleta sauti inayopita katika hewa, yaani pumzi inayovuja. Kwa sauti inayogonga ndani ya chuma yeye hutumia bisibisi ndefu, ncha yake juu ya chuma na kishikio mfupani karibu na sikio. Mtu akitumia bisibisi mahali pa mpira hatasikia chochote cha maana, na akitumia mpira mahali pa bisibisi atasikia kila kitu kwa pamoja.

Mpira ulipofika pale ambapo mabomba ya moshi yanaungana na kichwa cha injini, uso wake ukabadilika. Akatupa sisi tusikilize. Ilikuwa tak-tak-tak, kali, kama mtu anayetema pumzi kwa meno. Akatuonyesha alama nyeusi ya masizi iliyosambaa juu ya chuma, na bolti mbili zilizokatika. Gasketi ya moshi ilikuwa imeungua upande mmoja, na kila silinda ile inapotoa moshi, moshi hupenya hapo badala ya kwenda kwenye bomba. Injini ikipata moto chuma hutanuka, tundu hupungua, na ndiyo maana kelele ilikuwa kubwa zaidi alfajiri kuliko adhuhuri. Moshi huo haudhuru masikio tu, kwani ukiingia ndani ya kibanda cha dereva huweza kumlevya na hata kumuua.

Bei ya gasketi ile haikufika bei ya kilo tatu za karafuu. Tulipoisikia tuliona kama tumeokotewa akiba ya chama baharini, na tukaanza kuaga. Tak-tak iliyojulikana kisiwa kizima, iliyokaribia kutununulia injini na kumfukuzisha mtu kazi, ilikuwa ni karatasi iliyoungua!

Mzee akasema, “Bado. Ipelekeni ikapande kilima kisha mrudi.”

Iliporudi ina moto alilala chini ya gari, akaiweka bisibisi juu ya ubavu wa chini wa injini, akamwambia dereva atie petroli (yeye huita petroli hata dizeli) kidogo kidogo, kisha aachie ghafla. Akakaa muda. Akatuita tulale pale pale penye vumbi, na kanzu yetu. Mwanzo hatukusikia kitu. Kisha tukaisikia. Ilikuwa sauti nyengine kabisa, nzito na ya chini, du-du, du-du, kama mtu anayetwanga katika nyumba ya tatu kutoka kwako. Haikuwa kubwa. Sauti hiyo hapana mtoto aliyeiigiza, hapana mjumbe aliyeitaja, na sisi ambao tumepanda gari hiyo mara nyingi hatukupata kuijua.

Sasa akataka kujua inatoka silinda ipi. Injini yetu ni ya dizeli ya namna ya zamani, ambayo kila silinda ina bomba lake dogo la kuletea dizeli kutoka kwenye pampu. Alifunika kitambaa, akalegeza nati ya bomba la kwanza, dizeli ikamwagika kitambaani na silinda ile ikaacha kuwaka. Kishindo kikabaki. Akaikaza, akalegeza ya pili, kishindo kikabaki. Alipolegeza ya tatu, kishindo kikapotea karibu chote. Akaikaza, kikarudi. Maana yake ni kuwa silinda ya tatu isipowaka, pistoni haisukumwi kwa nguvu, na kile kilicholegea chini yake hakigongi. Hapa twapenda kuwaonya wanachama wenye gari mpya za dizeli, zile zinazotumia kompyuta kugawa mafuta, wasijaribu jambo hili. Mkandamizo wa dizeli katika mabomba yake wakati injini inakwenda huweza kupita mara elfu moja ya ule wa hewa tunayovuta, na dizeli ikitoka hapo hutoboa ngozi kama sindano. Gari hizo zina fundi wake na chombo chake.

Sasa tueleze kishindo hicho ni cha nini, kwani ndicho kilichotaka kutugharimu. Pistoni hushuka na kupanda, na mkono wa chuma uitwao konrodi huugeuza mwendo huo kuwa wa kuzunguka kwa kuishika kranki. Pale mkono unaposhika kranki pamewekwa vipande viwili vyembamba vya chuma, kila kimoja mfano wa nusu ya pete, ambavyo mafundi huviita metali. Uso wake ni wa madini laini. Baina ya metali na kranki inatakiwa nafasi ndogo kuliko unene wa unywele wa mtu, na katika nafasi hiyo hupita oili. Injini ikiwa nzima chuma hakigusi chuma, kranki huelea juu ya oili. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila pistoni hushuka na kupanda mara 50 katika sekunde moja. Oili ikiwa chafu, au ikapungua, au njia yake ikaziba, metali hulika, nafasi hukua, na mkono huanza kupiga. Oili baridi ni nzito, hujaza ile nafasi na kunyamazisha kishindo. Ikipata moto huwa nyepesi na kishindo hutoka, na taa nyekundu ya oili huanza kukonyeza injini ikiwa inakwenda taratibu. Dereva alisema taa imekuwa ikikonyeza tokea mwezi wa Agosti. Tulimuuliza kwa nini hakusema. Alinyamaza.

Mzee alisema gari haitakiwi kutembea tena, hata kurudi ofisini.

Siku ya pili yake alimwaga oili akaifungua sampu. Chini ya sampu palikuwa na tope nyeusi, na ndani ya tope vumbi linalong’aa kama la fedha. Chujio ambalo pampu huvutia oili lilikuwa limezibwa karibu nusu. Akaitoa metali ya silinda ya tatu. Ule uso wa kijivu ulikuwa umekwisha kulika, na rangi ya shaba imetoka, maana yake tabaka la juu limekwenda lote. Akaipangusa kranki kwa kitambaa, akapitisha ukucha, tena akaipima kwa maikromita mahali pengi, kwani kranki iliyolika huwa si duara tena. Sisi tulikaa juu ya tairi kuukuu tukisubiri. Kranki ikiwa imekatika mistari, kazi yote ilikuwa ni ya kuishusha injini, kuipeleka Dar es Salaam ikachongwe, na kuisahau vuli. Akapima tena. Akasema, “Mmewahi.”

Kisha akauliza, “Oili ya gari hii imebadilishwa lini?”

Dereva alitutazama sisi, halafu akatazama chini.

Tulirudi ofisini tukafungua faili la gari. Kitabu cha gari kinataka oili ibadilishwe kila kilomita 5,000. Mara ya mwisho ilikuwa mwezi wa Oktoba 2023, na tokea hapo gari ilikuwa imekwenda kilomita 13,000. Ndani ya faili mlikuwamo vikaratasi viwili kwa hati ya dereva, kimoja cha mwezi wa Ramadhani na cha pili cha mwezi wa Mei 2024, vyote viwili vinaomba oili na chujio lake. Juu ya kila kimoja limeandikwa neno “Asubiri”. Mkono ulioandika ni wetu. Wakati huo tulikuwa tukikusanya fedha za kuezeka upya banda la kuwekea magunia, na tuliona kuwa kwa kuichelewesha oili tunakiwekea chama fedha. Na mtu aliyekwisha kuambiwa asubiri mara mbili, ya tatu haendi kusema habari ya taa.

Hatukulala vizuri usiku ule. Ilikuwa rahisi kuvichukua vile vikaratasi viwili, kwani hapana aliyevijua ila sisi na yeye, na yeye hakuwa mtu wa kusema. Tulivichukua kweli, tukaenda navyo kwenye kamati tukavisoma. Kikao kilinyamaza. Mwenyekiti aliuliza kama lile pendekezo la kumwachisha kazi dereva bado lina mtu wa kulishikilia, na halikuwa naye, likafutwa kitabuni. Mjumbe mmoja akataka gharama ya metali ikatwe katika posho ya katibu. Kamati ilikubali nusu yake, nasi tumeikubali, na mpaka tuandikapo haya imekwisha kulipwa. Dereva aliitwa ndani, Mwenyekiti akamtaka radhi kwa niaba ya wote. Alisema, “Hapana neno. Mimi nataka oili tu.”

Ndipo kamati ilipozungumza juu ya matengenezo kwa mara ya kwanza ikiwa inajua inazungumza juu ya nini. Njia zilikuwa nne. Kuiacha gari imalize vuli hivyo hivyo, mzee alituambia mwisho wake: metali ikimalizika hujizungusha ndani ya mkono, hukata kranki, na siku yoyote mkono huvunjika ukatoka nje kwa ubavu wa injini. Wajumbe walitakiwa wafikirie jambo hilo likitokea juu ya kilima, na magunia arubaini nyuma, na mvua ya vuli. Karafuu kavu ikirowa njiani si karafuu ile tena, na mwenye gunia hatalidai gari, atakidai chama. Kuiuza gari ikiwa katika hali ile kungelituletea bei ya vyuma tu, na gari za kukodi wakati wa vuli kila mmoja wenu ajua zinavyopatikana na kwa bei gani. Ama injini ya mtumba, hapana aliyeikataa kwa kuwa ni mtumba, kwani ziko nyingi katika kisiwa hiki zinazokwenda vizuri. Lakini hapana pia aliyeweza kutuambia ile tuliyotajiwa imekwenda kilomita ngapi, ilitiwa oili na nani, na sauti yake ingelijulikana baada ya kulipwa na kufungwa. Tungelibadilisha injini ambayo sasa tunaujua ugonjwa wake kwa injini ambayo ugonjwa wake hatujui.

Ikabaki kutia metali mpya katika mikono yote minne, bila ya kuishusha injini, pamoja na pampu ya oili, machujio, na ile gasketi ya moshi na bolti zake. Gharama ya yote hayo ilikuwa kama sehemu moja katika tisa ya bei ya injini. Kwa kuwa kranki ilipimwa ikaonekana nzima, kamati ilikubali. Ingelikuwa imekatika, tungelifuata njia nyengine, na mzee mwenyewe alitwambia wazi kuwa asingelikubali kutia metali mpya juu ya kranki mbovu, kwani kazi hiyo haimalizi hata miezi mitatu.

Vifaa vilitoka Unguja, tukavingoja siku sita. Kazi yenyewe ilikuwa ya siku mbili. Kabla ya kufunga kabisa aliweka uzi mwembamba wa plastiki laini baina ya kranki na metali, akakaza, akafungua tena, akapima upana wa uzi uliobanwa, na kwa upana huo akajua nafasi iliyobaki. Bolti za mikono alizitia mpya, akazikaza kwa spana inayopima nguvu, ambayo aliiazima. Mjumbe mmoja aliyekuwapo aliona huo ni ufundi wa kupita kiasi. Mzee hakumjibu. Baada ya kilomita 500 oili ikabadilishwa mara ya pili, ikatazamwa kama ina vumbi la chuma. Haikuwa nalo.

Gari ilifanya kazi vuli yote iliyokwisha mwanzoni mwa mwaka 2025, wala haikulala njiani hata siku moja, alhamdulillahi. Mwanachama mmoja wa Mtambile ametuletea mashitaka kuwa imempita mara mbili na magunia yake yako njiani, kwa sababu hakuisikia inakuja. Kwa ajili yake na wenziwe dereva sasa hupiga honi kila njia panda.

Lakini msidhani kuwa tumepata injini mpya. Mzee hakutwambia hivyo, nasi hatutawaambia. Asubuhi inatoa moshi wa buluu kidogo, ambao ni dalili ya ringi za pistoni kuchakaa na oili kuungua. Alisema ikitunzwa itatufikisha misimu miwili mengine, Mungu akipenda. Kwa hiyo mzigo wa kupanda vilima umepunguzwa, na kamati imeanza kuweka fedha kidogo kidogo kwa ajili ya injini au gari nyengine, ili siku hiyo ikifika tusinunue kwa hofu.

Wanachama wenye gari na mashine zao wametuuliza habari ya sauti nyengine. Mlio wa kupiga yowe wakati wa kuwasha, ukanyamaza baadaye, mara nyingi ni mkanda uliolegea au kuchakaa. Kishindo chepesi injini ikiwa baridi, kikapotea ikipata moto, huwa ni pistoni zilizolegea kidogo katika silinda. Haifurahishi, lakini gari huweza kwenda nayo muda mrefu. Sauti ya kugongagonga juu ya injini, iliyo nusu ya mwendo wa kranki, huenda ikawa ni valvu zinataka kurekebishwa, na hiyo si kazi ya bei kubwa. Injini ya petroli inayolia kama changarawe katika kopo inapopanda kilima yaweza kuwa imetiwa petroli mbaya, au moto wake unawahi kupiga, nayo isiachwe kwani hutoboa pistoni. Taa nyekundu ya oili ikiwaka gari ikiwa katika mwendo, zima papo hapo, usiseme nifike nyumbani. Na mkishauriwa kutia oili nzito au dawa ya chupa ili kelele inyamaze, jueni kuwa kelele ndiyo itakayonyamaza, maradhi yatabaki. Sisi tulishauriwa hivyo mara tatu, na mara moja tulikuwa tayari kuinunua hiyo chupa.

Daftari la oili sasa limefungwa kwa uzi ndani ya gari, mbele ya kiti cha abiria, na dereva ndiye mwenye kuliandika. Amepewa ruhusa ya kununua oili na chujio kila kilomita 5,000 bila ya kuomba kwa katibu. Mwanachama yeyote anayekodi gari anaweza kulifungua akalisoma, na hesabu kamili ya matengenezo, pamoja na risiti, imebandikwa ubaoni ofisini kila siku ya kazi mpaka adhuhuri. Metali ya silinda ya tatu ipo pia, juu ya meza yetu, kwa anayetaka kuitazama.